Picha kwa Hisani ya Nani?

Mhadhara kwa waandishi wa mtandaoni na wanafunzi wa uandishi wa habari



Chini ya picha nyingi tunazokutana nazo katika makala za Kiswahili siku hizi huandikwa maneno yaleyale: "Picha kwa hisani ya mtandao." Wengine hufupisha: "Picha: Google." Mwandishi akishaandika hivyo hulala usingizi mnono, maana anaamini ametimiza wajibu. Nimekuja kumwamsha. Google haijawahi kusimama Jangwani, Dar es Salaam, kwenye maji ya mafuriko ikapiga picha ya daladala iliyozama. Kazi yake ni kuonyesha picha ziliko. Aliyesimama kwenye maji ni mtu, ana jina, ana kamera aliyoinunua kwa mkopo, na huyo ndiye hatukumuuliza.

Kabla ya kuweka picha yoyote kwenye makala yako, uwe umeshapata majibu ya maswali mawili: hii ni ya nani, na mwenyewe ameruhusu ifanyiwe nini? Ukikosa jibu la mojawapo, iache picha hiyo. Mengine yote nitakayosema leo ni ufafanuzi wa hayo.

Sheria nitaipita haraka kwa sababu msingi wake si mgumu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema kazi ya mtunzi inalindwa tangu inapozaliwa. Haihitaji kusajiliwa, haihitaji mhuri, wala ile alama ya © ambayo watu huitafuta pembeni ya picha, na wakiikosa wanafurahi. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na msimamizi wake ni COSOTA. Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na COSOZA yao. Kenya wana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 chini ya KECOBO. Popote utakaposimama kati ya hapo, utetezi wa "haikuwa na jina, nikadhani ni ya wote" haukufikishi mbali. Mwembe ulioinamia barabarani una mwenyewe, hata kama hakujenga uzio.

Sasa nije kwenye kosa linaloniumiza zaidi, kwa sababu hulitenda watu wenye nia njema. Ni imani kwamba kutaja chanzo ni sawa na kupewa ruhusa.

Katika mji wa Waltrop, Ujerumani, mwanafunzi mmoja alikuwa akiandaa kazi ya somo la Kihispania. Alitaka picha ya mji wa Córdoba. Akaipata kwenye tovuti ya mambo ya safari, ikiwa wazi kabisa, bila nywila, bila onyo lolote. Akaipakua, akaiweka kwenye kazi yake, na chini yake akaandika jina la tovuti aliyoitoa. Kwa maneno mengine, alifanya kile ambacho wengi wetu hatufanyi. Kisha shule ikaiweka kazi hiyo kwenye tovuti yake. Mpigapicha, Dirk Renckhoff, akafika mahakamani. Alisema ruhusa aliwapa wale wa tovuti ya safari peke yao, na akadai fidia ya euro 400. Shauri hilo dogo lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mwanasheria anayeishauri mahakama hiyo alipendekeza shule isihukumiwe: ni mtoto, ni masomo, hakuna faida iliyoingia. Majaji hawakumfuata. Tarehe 7 Agosti 2018 waliamua kwamba kuipakua picha na kuipandisha upya kwenye tovuti nyingine ni kuipeleka kwa hadhira ambayo mwenyewe hakuikusudia, na jambo hilo linahitaji ruhusa yake.

Hukumu hiyo iliyotolewa Luxembourg haimfungi hakimu wa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Lakini wazo lililo ndani yake ni jepesi kulielewa popote. Aliyeweka picha yake kwenye tovuti moja anaweza kuiondoa kesho akipenda. Ukishaipandisha kwako, umemnyang'anya uwezo huo. Ndiyo maana mahakama hiyo ya Ulaya ilitofautisha kunakili na kuweka kiungo tu: kiungo kinampeleka msomaji nyumbani kwa mwenye picha, na mwenyewe akiifuta, kiungo nacho kinakufa.

Kuna wanaokimbilia hoja ya "matumizi ya haki" waliyoisoma kwenye kurasa za Wamarekani. Hiyo ni sheria ya kwao. Sheria zetu zina nafasi zake, finyu zaidi: kunukuu kwa kiasi cha uungwana, kuhakiki kazi yenyewe, kutoa habari za matukio ya sasa huku ukitaja chanzo. Ukiandika makala ya kuchambua jinsi picha fulani maarufu ilivyopigwa, una hoja ya kuionyesha. Ukiandika makala ya faida za kunywa maji, ukachukua picha ya mtu ya glasi ili ukurasa upendeze, hapo huhakiki wala hunukuu. Unapamba, na pambo hulipiwa.

Mkasa mwingine nataka tukae nao kidogo, kwa sababu unahusu mitandao ya kijamii, na huko ndiko tunakochota zaidi. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliipiga Haiti. Daniel Morel, mpigapicha mzaliwa wa nchi hiyo, alikuwa Port-au-Prince. Alipiga picha katikati ya vumbi na vilio, na jioni hiyohiyo, mawasiliano yakiwa yamekatika karibu kote, akafanikiwa kuzipandisha Twitter kwa kupitia huduma iliyoitwa TwitPic. Muda mfupi baadaye, mtu mmoja katika nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika alizichukua akaziweka kwenye akaunti yake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la AFP likazichukua kwa huyo, likazisambaza kwa jina la huyo, na kuzipitisha kwa Getty, wakala mkubwa wa picha. Baada ya saa chache picha za Morel zilikuwa magazetini duniani kote zikiwa na jina la mtu ambaye hakupiga hata moja.

Morel alipolalamika, AFP ndio waliotangulia mahakamani, New York, wakiomba itamkwe kwamba hawakukosea. Hoja yao: masharti ya Twitter yanaruhusu watumiaji kushirikishana, kwa hiyo aliyeweka picha pale amekubali zitumiwe. Mwanzoni mwa 2013 jaji aliikataa hoja hiyo. Masharti ya mtandao ni makubaliano kati ya mtumiaji na kampuni ya mtandao. Hayampi mpita njia leseni ya kuuza. Mwezi Novemba mwaka huohuo jopo la raia waliokaa kama waamuzi likaamua AFP na Getty wamlipe Morel dola milioni 1.2 kwa picha nane.

Angalieni walioshindwa ni nani. Hawakuwa vijana wa blogu wasiojua sheria. Walikuwa watu wa picha, wanaoishi kwa picha, ambao siku yoyote nyingine wangekushitaki wewe kwa kuchukua zao. Waliteleza kwenye swali la kwanza kati ya yale mawili, la mwenye picha ni nani. Aliyeiweka si lazima awe ndiye aliyeipiga. Leo tuna nyenzo rahisi za kulijibu: TinEye na Google Lens zinakuonyesha picha ileile imeonekana wapi kwingine, na mara nyingi toleo la zamani zaidi au kubwa zaidi ndilo linalokupeleka kwa mwenyewe. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Hapa kwetu tunajua mchezo ulivyo. Picha inapigwa na mtu wa Mbeya, nembo yake ipo pembeni. Wa pili anaikata nembo. Wa tatu anaweka nembo yake mwenyewe, kubwa, katikati, kisha anatoa onyo kali kwa "wezi wa picha". Wa nne anaandika "kwa hisani ya" huyo wa tatu. Muhidin Issa Michuzi, aliyeanza blogu yake mwaka 2005, alikuwa mpigapicha wa magazeti kabla ya kuwa mwanablogu. Kizazi kile cha kwanza cha wanablogu kilijua gharama ya picha kwa sababu wengine walikuwa wakizipiga wenyewe. Sisi tuliofuata tulirithi ukumbi bila kurithi jasho.

Basi, mtu atauliza, tuandike bila picha? Hapana. Picha halali zipo kwa mamilioni, na nyingi ni za bure. Shida ni kwamba neno "bure" lina masharti, na masharti yanatofautiana.

Mlango mkubwa ni leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Mtunzi anabaki na hakimiliki yake, ila anatangaza mapema kile anachoruhusu. Zipo leseni sita, zinazojengwa kwa vipande vinne. BY inakutaka umtaje mtunzi. SA inakutaka, ukiibadilisha kazi, utoe toleo lako kwa masharti yaleyale. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Ipo pia CC0, ambapo mtunzi anaachilia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu.

Hiyo NC ndiyo inayozusha ubishi. Ukurasa wako una matangazo yanayokuingizia vishilingi. Je, hiyo ni biashara? Leseni yenyewe inazungumzia matumizi yanayolenga hasa faida au malipo ya fedha, na wanasheria wanaweza kuvutana hapo hadi jioni. Ushauri wangu ni wa mtu mwoga: kama ukurasa una tangazo hata moja, acha picha za NC, chukua za BY. Na kama ni ND, usiikate, usiandike kichwa cha habari juu yake. Kuhusu SA, nimesikia hofu kwamba ukitumia picha ya namna hiyo, makala yako yote nayo inakuwa ya kugawa bure. Si kweli. Makala iliyokaa jirani na picha inabaki yako. Ni picha uliyoibadilisha tu ndiyo inayobeba sharti hilo.

Kumtaja mtunzi nako kuna utaratibu. Andika jina la picha kama lipo, jina la mtunzi, mahali ulipoitoa pamoja na kiungo chake, na aina ya leseni pamoja na kiungo chake. Kama umeibadilisha, sema umeibadilisha. Inachukua mstari mmoja. Msiudharau mstari huo, kwa sababu wapo wapigapicha wanaotoa kazi zao kwa leseni hizi, kisha wanawawinda waliosahau jina ili wawatumie barua ya madai. Ni tabia mbaya, lakini anayewapa nafasi ni yule aliyesahau. Leseni za toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, zimeweka huruma kidogo: ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua, haki yako ya kutumia inarudi yenyewe. Za zamani hazina huruma hiyo.

Hata tovuti zinazojulikana kwa picha za bure hubadilika. Unsplash ilianza mwaka 2013 ikitoa picha zake kwa CC0. Mwaka 2017 ikaandika leseni yake yenyewe, yenye makatazo ambayo CC0 haikuwa nayo. Kwa hiyo siku unapopakua picha, hifadhi ukurasa unaoonyesha leseni, pamoja na tarehe. Carol Highsmith, mpigapicha wa Marekani, alitoa maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ili umma uzitumie bure. Baadaye wakala wa kukusanya madai aliiandikia taasisi ya Highsmith barua akitaka dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga Highsmith mwenyewe! Kama mpigapicha anaweza kudaiwa kwa picha yake, wewe utasalimika kwa kumbukumbu tu.

Sasa picha za zamani, ambazo waandishi wa historia yetu wanazipenda. Hapa kuna utajiri na kuna mitego. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka kwenye Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha huru, zaidi ya picha 80,000. Ndani yake zimo za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilizopigwa na Walther Dobbertin: askari, mashamba, reli, miji yetu kabla ya vita vya 1914 na wakati wa vita hivyo. Tunaziona kila mara zikizunguka bila jina lolote, na watu hudhani ni za kale kiasi kwamba hazina mwenyewe. Zimetolewa kwa leseni ya BY-SA 3.0, na hifadhi hiyo inataka itajwe pamoja na namba ya picha na jina la Dobbertin. Nakiri kuna uchungu: babu zetu walisimamishwa mbele ya kamera ile bila kuulizwa, na leo mjukuu ndiye anayetakiwa kutaja jina la aliyewapiga picha. Uchungu huo ni mada ya makala nzuri. Andika makala hiyo, na chini ya picha weka namba.

Umri peke yake hautoshi kuifanya picha iwe mali ya umma. Kwa kanuni ya jumla ya Tanzania, ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya huhesabu picha kwa namna nyingine, miaka 50 tangu ilipotengenezwa au ilipotolewa kwa umma. Ujerumani ni miaka 70 baada ya kifo cha mpigapicha. Picha za Unguja ya zamani zina mwenyewe mara nyingi kuliko tunavyodhani: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930, na familia yake ikaendelea na kazi hiyo. Picha iliyotoka studio kama ile si yatima kwa sababu tu imekukuta kwenye kundi la WhatsApp.

Ukitaka za zamani zisizo na kesi, nenda kwenye mkusanyo wa Matson katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Wapigapicha wake walipita Afrika Mashariki mwaka 1936, wakapiga Zanzibar, Tanganyika, Kenya na Uganda, na maktaba inaeleza kwamba haijui kizuizi chochote cha kuzichapisha. Ukitaka theluji ya Kilimanjaro kutoka angani, NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, wanazo za 1993 na 2000. Kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini kwao. Usiruke kutoka hapo ukasema kila picha ya serikali yoyote ni ya bure. "Picha na Ikulu" inatumwa kwa vyombo vya habari ili ichapishwe na habari yake. Haikutumwa ili iwe tangazo la duka lako la viatu.

Yupo mtu mwingine tunayemsahau: aliyemo ndani ya picha. Unaweza kuwa umepiga mwenyewe, hakimiliki yote ni yako, na bado ukawa na kosa. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mgonjwa wodini, mtoto darasani, mama aliyefiwa: hao waulizwe kwanza, hata pale sheria isipokulazimisha.

Baada ya yote hayo, njia ninayoipenda mimi ni ya zamani kuliko leseni zote. Omba. Nimewaona waandishi wakitumia saa nzima kufuta nembo kwenye picha, wakati mwenyewe namba yake ilikuwa palepale chini. Ujumbe wa kutosha ni huu: "Habari za kazi, kaka. Naitwa fulani, naandika kuhusu masoko ya samaki. Nimeiona picha yako ya Feri. Naomba kuitumia mara moja kwenye makala yangu ya mtandaoni, bila kuibadilisha, nikiweka jina lako na kiungo cha ukurasa wako. Kama kuna malipo, naomba unitajie." Wengi watakujibu "chukua tu, niwekee jina". Wachache watataja bei. Lipa au tafuta nyingine. Atakayenyamaza hajakubali. Na jibu liwe la maandishi, hata kama ni la WhatsApp, na ulihifadhi. Ruhusa ya mdomo husahaulika siku makala inapopata wasomaji wengi.

Mwisho, ninawaomba jambo. Tafuteni kwenye Wikimedia Commons picha ya soko la kwenu, kivuko cha kwenu, chakula cha kwenu. Mara nyingi mtakuta picha mbili tatu, nyingine zimepigwa na mtalii akiwa ndani ya gari. Tangu mwaka 2014 kuna shindano la Wiki Loves Africa linalokusanya picha za bara hili kutoka kwa watu wake, na simu mliyonayo mfukoni inatosha kushiriki. Pigeni, ziwekeni kwa leseni mnayoichagua wenyewe, andikeni majina yenu kamili, ili mwandishi wa kesho anayeandika kuhusu Kigoma au Lamu apate picha halali na jina la kuandika chini yake.